Siku ya kuzunguka Soko la Maasai na marafiki: tukague vipi kazi za mikono, na tupatane bei kwa kiasi gani?

Mkaazi wa South B aliuliza:

Habari zenu wanajamvi. Mimi na marafiki zangu watatu tuliosoma pamoja tumekubaliana kutenga Jumamosi moja ya mwezi ujao ili tulizunguke Soko la Maasai hapa Nairobi. Mmoja wetu anatoka Tanga na atakuwa mgeni wetu, na ni yeye hasa aliyeomba tufanye hivyo badala ya kushinda kwenye maduka makubwa. Hatutaki iwe siku ya kukimbizana na mifuko. Tunataka kutazama kwa utulivu, kushika vitu, kuuliza vimetengenezwaje, kula chakula cha mchana pamoja, na kila mmoja arudi na kitu kimoja au viwili atakavyovitumia kweli.

Kuna mambo mawili yanayonifanya niandike. La kwanza ni kwamba mmoja wetu aliwahi kununua kinyago ambacho aliambiwa ni cha mpingo. Alipokifuta vumbi nyumbani kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kiligeuka cheusi, na chini ya rangi ile ukatokea mti mweupe, mwepesi, usio na thamani aliyoilipia. Tangu hapo amekuwa na shaka na kila kitu, na ninaogopa kwamba shaka hiyo itamnyima raha ya siku nzima.

La pili ni bei, na hapa tunatofautiana hasa. Mmoja wetu anaamini kwamba bei ya kwanza inayotajwa sokoni ni ya kukupima tu, na kwamba ukiilipa umeliwa. Mwingine anaona aibu kumwomba punguzo mama aliyeketi juani akiwa na kazi ya mikono yake mbele yake, na huwa analipa kile anachoambiwa kisha ananung'unika njiani. Mimi naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini sijui mpaka uko wapi. Naomba wale mnaozifahamu kazi hizi kutoka ndani, yaani mnaosuka, mnaochonga au mnaouza, mtueleze mnunuzi mwungwana hukaguaje kitu, na hupatana bei vipi bila kumdhulumu fundi wala kudhulumiwa yeye mwenyewe.

Msusi wa Makueni alijibu:

Dada, nashukuru umeuliza, kwa sababu wengi hununua kwanza ndipo wakauliza. Nimezaliwa katika nyumba ya wasusi na mpaka leo nasuka, kwa hiyo nitasema habari za vyondo tu, yaani vikapu vyetu vya kusuka. Vinyago nawaachia wenyewe.

Kiondo husomwa kuanzia kitakoni. Kigeuze. Pale katikati ndipo msusi alipoanzia kwa kupishanisha nyuzi chache za kusimama, kisha akaendelea kuongeza nyuzi nyingine kadiri duara lilivyopanuka. Ukiona nyongeza hizo zimepangwa kwa usawa, duara halina nundu, na kiondo kinakaa wima juu ya meza bila kuyumba, basi mkono uliokisuka ni mzoefu. Baada ya hapo tazama uzi wenyewe. Uzi wa katani, yaani wa nyuzi za mkonge, uliosokotwa kwa mkono haulingani unene kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa msusi huchukua nyuzi chache, akazilaza juu ya paja, akazisokota kwa kiganja, na kuongeza nyingine kabla zile za kwanza hazijaisha, ndiyo maana uzi huwa mrefu bila kuwa na mafundo. Uzi wa kiwandani hufanana mahali pote. Kiondo cha nailoni au cha sufu nacho husukwa kwa mkono, na wala si kitu kibaya, kwani rangi zake hukolea na hakiogopi mvua. Lakini kazi ya kuparua majani ya mkonge, kuosha, kuanika na kusokota haikufanyika, kwa hiyo usikilipie bei ya katani.

Watu hupenda kuuliza kiondo huchukua muda gani. Kile cha kubebea vitu vya sokoni huchukua majuma kadhaa, kwa sababu hakuna mama anayekaa kutwa nzima akikisuka. Hukisuka akienda kisimani, hukisuka akiwa kwenye mkutano wa kikundi, na jioni baada ya shamba hukishika tena. Mikono huwa imejua njia, kwa hiyo macho yanaweza kuwa kwa watoto.

Mwambieni na huyo mgeni wenu kwamba mkonge ni jambo la kwao. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo zao hilo likaenea katika nchi yao na baadaye likavuka mpaka hadi kwetu. Kabla ya hapo bibi zetu walisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu na ya miti mingine ya porini, na kazi ya kuzitayarisha ilikuwa nzito zaidi.

Sasa bei. Jueni kwamba anayewauzia kiondo Nairobi mara nyingi siye aliyekisuka. Vyondo vingi hutoka kijijini bila mikanda. Mchuuzi huvinunua siku ya soko, akavipeleka mjini kwa fundi wa ngozi anayeshona mikanda na pengine kuweka kitambaa cha ndani, ndipo vinapofika mnapovikuta. Mkimshusha bei mchuuzi huyo kupita kiasi, hasara haibaki kwake. Juma linalofuata atakuja kwetu na kusema kwamba bei za Nairobi zimeanguka, na mama aliyekuwa amekwisha maliza kazi yake hana namna ila kukubali, maana kiondo hakiliwi na ada ya shule haisubiri. Mimi sisemi msiombe punguzo. Nasema msianze kuomba nusu ya bei kabla hata hamjakigeuza kiondo mkaona kitako chake. Jambo hilo huniuma kila ninaposikia mtu akijisifu kwamba kapata kiondo kwa bei ya kutupa.

Mnunuzi wa Ijumaa alijibu:

Namheshimu sana mama yetu wa Makueni na nakubaliana naye juu ya kitako cha kiondo, ila kuhusu bei ningependa kusema upande wa pili, kwa sababu mimi hununua zawadi sokoni humo mara kwa mara na ninawafahamu wauzaji wengi.

Kupatana bei katika soko lile ni sehemu ya mazungumzo, na muuzaji huitaja bei yake ya kwanza akijua kwamba mtazungumza. Asiyezungumza hamfaidii fundi aliyeko kijijini. Mara nyingi humfaidi mtu wa katikati ambaye hajashika uzi wala patasi. Na hapa lazima nimtaje dalali, kwa kuwa ndiye atakayewapokea kabla hamjafika kwenye kibanda cha kwanza. Atakuwa kijana mwenye adabu, atawasalimu vizuri, atawaambia yeye ni msanii au ni ndugu wa wasanii, kisha atawakabidhi mfuko au kikapu na kusema, "Wekeni humu kila mnachokipenda, bei tutaongea mwisho." Msikubali mfuko huo. Ukishajaza vitu kutoka kwa wauzaji watano tofauti, utatajiwa jumla moja kubwa, mtavutana juu ya jumla hiyo, na hutajua kamwe kila kitu kilikuwa bei gani wala kila muuzaji alipewa nini. Mwambieni kwa upole kwamba leo mnatembea wenyewe. Akizidi kuwafuata, simameni kwa muuzaji mmoja mkaendelea kuzungumza naye moja kwa moja mpaka kijana achoke.

Mimi hufanya hivi: hulizunguka soko lote kwanza bila kununua kitu, nikauliza bei ya kitu kinachofanana kwa wauzaji kadhaa. Baada ya mzunguko huo huwa nina picha ya bei halisi, na pia huwa nimeona nani ameketi anafanya kazi na nani amesimama anauza tu. Kisha hurudi kwa yule ambaye kazi yake imenipendeza, nikataja bei ninayoweza kulipa, mara moja, kwa heshima. Akikataa namshukuru na kuondoka. Nisichofanya ni kumshusha mtu hatua kwa hatua hadi akubali, halafu nikasema nitarudi. Kumshusha mtu bei namna hiyo na kisha kutonunua ni kumvunjia heshima, na wauzaji hukumbuka nyuso.

Kwa kuwa mko wanne, mna nafasi ambayo mnunuzi mmoja hana. Mkipenda bangili au shuka za aina moja, nunueni kwa muuzaji mmoja mkaombe punguzo kwa sababu ya wingi. Punguzo la namna hiyo halimuumizi mtu, maana ameuza vinne kwa mara moja.

Kuhusu siku na mahali, soko hili huhamahama. Ijumaa huwa Village Market kule Gigiri, na Jumamosi kwa miaka mingi limekuwa katikati ya jiji, kwenye maegesho ya magari karibu na Mahakama. Thibitisheni mahali juma hilohilo kabla hamjatoka nyumbani. Nendeni asubuhi, wakati wauzaji bado wanapanga vitu na wana nafasi ya kuzungumza. Bebeni noti ndogondogo. M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali.

Fundi wa Changamwe alijibu:

Nachonga hapa Mombasa, na ningependa kuanza na kile kinyago kilichotoa rangi, kwa sababu udanganyifu huo unatuumiza sisi mafundi kuliko unavyomuumiza mnunuzi. Mnunuzi amepoteza pesa mara moja. Sisi tumepoteza imani yake na ya kila atakayemsimulia.

Mpingo haupakwi rangi. Weusi wake ni wa moyo wa mti wenyewe, na moyo huo umezungukwa na tabaka jembamba la mti wa manjano hafifu. Wachongaji wengi huliacha tabaka hilo makusudi mahali fulani, chini ya kitako au mgongoni mwa kinyago, ili lionekane. Mkikuta mpaka huo baina ya weusi na manjano, na mkaona kwamba unaingia ndani ya mti badala ya kukaa juujuu, basi huo ni mpingo. Ushahidi wa pili ni uzito: mpingo huzama majini, na kinyago cha urefu wa shibiri moja tu huushtua mkono wa mtu asiyeuzoea. Ushahidi wa tatu ni harufu, kwa kuwa rangi ya viatu, ambayo wadanganyifu huupaka mti mwingine, ina harufu yake, hasa kinyago kikiwa kimekaa juani tangu asubuhi. Mkibaki na shaka, mwombeni muuzaji awaruhusu kufuta sehemu ya chini kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mwenye mpingo wa kweli hana sababu ya kukataa, na anayekataa amekwisha kuwajibu.

Hata hivyo, nawasihi msitafute mpingo tu. Mpingo hukua polepole sana na huchukua miongo mingi kufikia ukubwa wa kukatwa, na miti hiyo imepungua, pamoja na muhugu ambao tuliuzoea kwa harufu yake nzuri. Kwa miaka kadhaa sasa mafundi wengi tunachonga mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua haraka na ambayo hupandwa majumbani. Kinyago cha mwarobaini kilichochongwa vizuri na kuuzwa kwa jina lake ni kitu cha heshima kabisa. Kosa liko kwenye kuupaka mti rangi nyeusi na kuuita jina lisilo lake.

Kagueni pia nyufa. Mti uliochongwa ukiwa bado mbichi hupasuka unapokauka, na ufa huo mara nyingi hujazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha husuguliwa. Pitisheni ukucha taratibu mahali ambapo mistari ya mti inakatika ghafla. Gundi ni laini kuliko mti na haina mistari.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulielewa vibaya. Wakiona twiga hamsini wanaofanana wamepangwa mstari mmoja, husema wametoka kwenye mashine. Hapana. Fundi aliyechonga twiga tangu ujana wake hutoa twiga wanaofanana kwa sababu mkono wake umekomaa, na tena kazi hugawanywa: mmoja hukata umbo kwa tezo, mwingine huingia kwenye uso na masikio kwa kisu, na wengine, mara nyingi akina mama, hupiga msasa na kung'arisha. Hiyo yote ni kazi ya mkono. Anayetaka kitu ambacho hakina pacha aseme hivyo, na awe tayari kulipia ubunifu, kwa sababu fundi anayebuni umbo jipya hutumia siku ambazo hana hakika kama zitamrudishia chochote.

Uchongaji huu wa kuuza una historia ambayo inawahusu nyote, pamoja na mgeni wa Tanga. Kwetu Ukambani unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa katika nchi ya Tanganyika, akajifunza kwa wachongaji wa huko, na aliporudi nyumbani akawafundisha jamaa zake. Kutoka Wamunyu ufundi huo ukateremka hadi pwani, na chama chetu cha ushirika hapa Changamwe kiliundwa mwaka 1963. Katika duka la ushirika bei huandikwa, kila kazi huwa na namba ya mwanachama aliyeichonga, na kitu kikiuzwa mwenyewe hulipwa. Ninataja hilo ili mjue kwamba kuna mahali ambapo swali lenu la punguzo halizuki kabisa.

Sokoni ni tofauti na sikatai kupatana bei. Ninachokikataa kwa moyo wangu wote ni ile kauli ya "huu si mti tu?" inayotumiwa kumshusha muuzaji. Sema pesa zako hazitoshi, sema utachukua viwili, sema umeona kingine kwa bei nafuu. Hayo yote ni maneno ya biashara. Lakini kuitukana kazi ili ushuke bei, halafu ukaibeba na kwenda kuiweka sebuleni kwako, si uungwana.

Mwana wa Tabaka alijibu:

Niongeze kidogo juu ya mawe ya Kisii, kwa kuwa hakuna aliyeyataja na hamtakosa kuyaona. Jiwe hili huchimbwa kwetu Tabaka, huko Kisii, kwa zana za mkono, na rangi zake za asili ni nyeupe, ya maziwa, ya waridi na ya kijivu. Huchongwa kwa kisu na tezo, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji mpaka alama za kisu zipotee, kisha hupakwa nta. Yale yenye rangi kali za bluu, nyekundu au nyeusi yametiwa rangi juu, na maua au wanyama mnaowaona wamekwanguliwa kwa ncha kali mpaka weupe wa jiwe ukatokea. Hilo si udanganyifu, ni mtindo. Cha kukagua ni kama rangi imetumika kuficha mwanya, kwa hiyo tazameni upande wa ndani wa bakuli na sehemu ya chini, ambako msasa wa mwisho huonyesha uvumilivu wa fundi. Gongeni ukingo kwa kucha kwa wepesi. Jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Msilidharau jiwe hili kwa sababu linauzwa kwa umbo la visahani vya sabuni. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ana kazi yake katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Na jambo la vitendo: mwombeni muuzaji alifunge kwa magazeti mengi, maana likianguka sakafuni halina msamaha.

Mkaazi wa South B aliandika tena:

Ndugu zangu, tulikwenda, na nimerudi kuwapa mrejesho pamoja na kuuliza jambo la mwisho.

Tulifuata ushauri wa kulizunguka soko kwanza, na ninaamini huo ndio uliotupa siku nzuri. Dalali alikuja na mfuko wake, tukamkatalia kwa adabu, akatufuata kidogo kisha akapata wageni wengine. Rafiki yetu aliyedanganywa zamani aligeuza kila kinyago alichokishika, akanusa, akauliza, na hatimaye akanunua sinia la mwarobaini kwa muuzaji aliyemwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ule haukuwa mpingo. Alilipa karibu bei aliyotajiwa. Alisema kwamba mtu aliyesema kweli juu ya mti wake anastahili kusadikiwa juu ya bei yake, na sikuwa na la kumjibu.

Mahali tulipokaa muda mrefu kuliko pote ni kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akitunga ushanga. Alikuwa na kifuniko cha ndoo mapajani kilichojaa shanga nyekundu, nyeupe na buluu, na alikuwa akizichota kwa ncha ya waya, tatu nne kwa wakati mmoja, huku akizungumza nasi bila kutazama mkono wake. Waya ulipojaa aliukunja, akaulaza kando ya mwenzake, akaubana kwa kipande chembamba cha ngozi ili mistari isipishane. Alitufundisha kuugeuza mkufu na kutazama nyuma: ncha za waya zikiwa zimekunjwa ndani hazitakwaruza shingo, na ngozi hudumu kuliko plastiki ambayo wengine hutumia siku hizi. Tulimwuliza shanga hutoka wapi, akasema nzuri ni za kioo za kutoka Ucheki, ambazo hununuliwa madukani mjini, na kwamba zile za plastiki ni nyepesi na hupauka. Tulinunua mikufu miwili na bangili kadhaa kwake kwa pamoja, akatupunguzia mwenyewe kabla hatujafungua kinywa.

Mgeni wetu wa Tanga naye akachukua kiondo cha katani baada ya kugeuza vitako vya vingi. Alituelezea tukiwa chakulani jinsi nyanya yake anavyosuka ukili mrefu kwanza kwa majani ya mkindu yaliyotiwa rangi, kisha akaushona ukili huo ukingo kwa ukingo hadi ukawa mkeka, na alishangazwa na jinsi kiondo kinavyokua chenyewe kutoka katikati bila kushonwa popote. Mazungumzo hayo yalitupeleka mpaka karibu saa kumi.

Kuhusu bei bado hatujakubaliana sote wanne, ila yule mwenye kuamini kwamba bei ya kwanza ni ya kukupima aliniambia njiani kwamba safari hii hakutaka kushuka zaidi ya alipofika, kwa sababu alikuwa ameona mkono ukifanya kazi.

Swali langu la mwisho ni la utunzaji. Kiondo kilinyeshewa kidogo tulipokuwa tukitafuta gari, na rangi yake ya kahawia ikaacha alama hafifu kwenye nguo. Je, kimeharibika? Na bakuli la jiwe la Kisii nililonunua, lisilotiwa rangi, linaweza kutumika kwa chakula?

Msusi wa Makueni alijibu:

Hakijaharibika, dada. Rangi hiyo ya ziada hutoka mara ya kwanza tu kama uzi haukusuuzwa vizuri baada ya kutiwa rangi. Kifute kwa kitambaa na maji baridi yenye chumvi kidogo, usikiloweke, kisha ukijaze magazeti makavu ili kisipoteze umbo, na ukianike kivulini penye upepo. Jua kali huifanya katani kuwa ngumu na mikanda ya ngozi kupasuka. Vile vinyuzi vidogo vinavyochomoza nje vikikusumbua, vikate kwa mkasi. Usivivute, kwa sababu kila kimoja kimesokotwa pamoja na wenzake. Nimefurahi kusikia kwamba mgeni alivigeuza vitako.

Mwana wa Tabaka alijibu:

Kwa bakuli lisilotiwa rangi, matunda, karanga, mkate na vitu vikavu havina shida. Usiweke mchuzi wa moto wala mafuta, kwa kuwa jiwe hufyonza na litabaki na doa. Lioshe kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ulikaushe papo hapo, na likianza kupauka lipake nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa laini, uache usiku mmoja, kisha ulisugue.